Unaona kitu kimoja kama viwili, kinaondoka, kinarudi? Jinsi ya kutafuta kinachokiamsha na wakati wa kukimbilia kituo cha afya

Unatazama barabara, unaona boda mbili zinakuja, kumbe ni moja. Unatunga uzi, unaona sindano mbili. Unakaa kidogo, hali inaondoka, unasema imepita. Wiki inayofuata inarudi tena. Kama hiyo ndiyo hali yako, au ya mtu wa nyumbani kwako, makala hii inakuhusu, uwe mkimbizi au mwenyeji.

Watu wengi hukaa kimya na tatizo hili. Wengine wanaogopa kuambiwa wamelewa au wamerogwa. Wengine huenda kituo cha afya siku ambayo macho yako sawa, wanasomeshwa herufi za ukutani, wanaambiwa wanaona vizuri, wanarudi nyumbani bila jibu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni mgumu kumwonyesha daktari. Ndiyo maana kazi kubwa unaweza kuifanya wewe mwenyewe kabla ya kufika: kujua unaona viwili vya namna gani, lini, na baada ya kufanya nini.

Kwa nini mtu anaona viwili?

Kila jicho linapiga picha yake. Ubongo unazichukua picha hizo mbili na kuziunganisha ziwe moja. Ili ziungane, macho yote mawili lazima yaelekee mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inafanywa na misuli 6 midogo katika kila jicho, na misuli hiyo inapokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia neva 3.

Msuli mmoja ukichoka, neva moja ikidhoofika, au ubongo ukishindwa kupeleka amri vizuri, jicho moja linaelekea pembeni kidogo. Mara nyingi watu wengine hawaoni kengeza lolote usoni kwako. Lakini ubongo unapokea picha mbili zisizolingana, na wewe unaona vitu viwili.

Kuna pia namna ya pili. Jicho lenyewe linaweza kuharibu picha kabla haijafika kwenye ubongo, kwa sababu ya mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho, macho makavu, au kuhitaji miwani. Namna hizi mbili zina matibabu tofauti, na unaweza kuzitenganisha nyumbani bila kifaa chochote.

Jipime: funika jicho moja

Subiri wakati unaona viwili. Tazama kitu kimoja kilicho mbali, kama mlango wa jirani au mti. Funika jicho la kulia kwa kiganja bila kulikandamiza. Kisha fungua, funika la kushoto.

- Kama viwili vinakuwa kimoja kila unapofunika jicho moja, hata liwe lipi, macho yako hayaelekei pamoja. Tatizo liko kwenye misuli, neva au ubongo. Hali hii inahitaji daktari hata kama haina maumivu.
- Kama ukifunika jicho moja bado unaona viwili kwa lile lililo wazi, mara nyingi tatizo liko ndani ya jicho hilo. Kwa kawaida si la dharura, lakini lipimwe, kwa sababu mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji na mengine husaidiwa kwa miwani au dawa ya matone.

Ukiwa hapo hapo, angalia mambo mengine mawili. Je, vitu viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, au kimoja kiko juu ya kingine? Je, vinaachana zaidi ukitazama mbali, karibu, kulia, kushoto au chini? Andika. Majibu haya humsaidia daktari kujua ni msuli upi au neva ipi.

Dalili za hatari: usiandike daftari, nenda leo

Kabla ya kutafuta kinacholeta tatizo, hakikisha huna mojawapo ya haya:

- Kuona viwili kumeanza ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kutotoka vizuri. Hii inaweza kuwa kiharusi.
- Kichwa kinauma vikali kuliko ulivyowahi kuumwa, au kinauma kila asubuhi na unatapika.
- Una homa na shingo imekakamaa, au unachanganyikiwa.
- Unaishi na virusi vya UKIMWI na kichwa kimekuuma kwa siku kadhaa mfululizo.
- Kope la jicho moja limeanguka, au mboni moja ni kubwa kuliko nyingine.
- Unashindwa kumeza, sauti inapotea, au unakosa pumzi.
- Umeanguka kutoka kwenye boda, umepigwa kichwani, au umegongwa usoni.
- Umeumwa na nyoka. Sumu ya koboko na swila hulegeza misuli, na mara nyingi dalili za kwanza ni kope kuanguka na kuona viwili. Usikate jeraha, usifunge kamba ya kubana. Mgonjwa atulie, abebwe haraka. Baada ya hapo pumzi inaweza kukatika.
- Una mimba na presha imepanda, au kichwa kinauma na uso umevimba.
- Umekunywa pombe kwa muda mrefu bila kula vizuri, au una mimba na umetapika kwa wiki nyingi, na sasa unaona viwili na kuyumba unapotembea. Hii inaweza kuwa upungufu mkubwa wa vitamini B1. Inatibika, lakini ikicheleweshwa inaharibu ubongo.

Ukiwa na moja kati ya hizi, nenda kituo cha afya hata kama ni usiku. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, akusaidie kupata usafiri.

Chanzo na kichocheo ni vitu viwili

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Chanzo ni ule ugonjwa au udhaifu ulio ndani: kisukari kilichoumiza neva, presha, tezi ya shingo, ugonjwa wa misuli, makengeza madogo ya tangu utotoni. Kichocheo ni kile kinachouamsha siku hiyo: kukosa usingizi, jua kali, njaa, pombe, dawa fulani.

Kufukuza kichocheo kunakupa nafuu, lakini hakuondoi chanzo. Mtu akisema "nikilala vizuri sioni viwili, basi nimepona", amepata nusu ya jibu tu. Bado anahitaji kupimwa presha, sukari na macho.

Vichocheo ambavyo madaktari wanavifahamu

*Uchovu na kukosa usingizi.* Watu wengi huzaliwa na macho ambayo hayako sawa kabisa, lakini ubongo unajitahidi kuyaweka pamoja. Ukichoka, juhudi hiyo inashindwa. Mtu mwenye mawazo mengi, aliyekesha kwa sababu ya ndoto mbaya za vita au mtoto mgonjwa, anaweza kuliona hili siku inayofuata.

*Kazi ya karibu kwa muda mrefu.* Kushona, kusuka, kusoma kwa taa hafifu na kutazama simu kwa saa nyingi kunachosha misuli inayovuta macho kwenda ndani. Baadaye herufi zinaachana.

*Homa na magonjwa mengine.* Malaria au mafua yanaweza kuamsha udhaifu uliokuwa umelala. Homa ikiisha, tatizo linapungua.

*Pombe.* Waragi, kasiksi au bia, hata kidogo, hulegeza uratibu wa macho. Kama unaona viwili kila ukinywa kidogo tu, huenda kuna udhaifu ambao pombe inaufichua.

*Joto, na kurudia kazi ile ile.* Kuna ugonjwa unaoitwa miastenia, ambapo ujumbe kutoka kwenye neva haufiki vizuri kwenye misuli. Asubuhi mgonjwa yuko sawa. Kadiri siku inavyoendelea kope linashuka, anaona viwili, wengine wanachoka kutafuna. Akipumzika anapata nafuu. Joto, maambukizi na mawazo huuzidisha. Una matibabu, lakini bila matibabu unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua.

*Sukari na presha.* Kisukari na presha vinaweza kuziba mishipa midogo ya damu inayolisha neva za macho. Hapo kuona viwili huanza ghafla na kukaa siku nyingi. Mara nyingi neva hupona ndani ya miezi mitatu hivi, lakini sukari na presha lazima zishughulikiwe. Vipimo vyote viwili huchukua dakika chache tu.

Dawa: lipe jambo hili ukurasa wake

Dawa ni kichocheo ambacho watu husahau kukitaja. Wanaotumia dawa za kifafa, hasa karbamazepini na fenitoini, wanaweza kuona viwili na kuyumba dozi ikiwa kubwa kuliko mwili unavyohitaji. Dalili huja saa chache baada ya kumeza, kisha hupungua. Usiache dawa ya kifafa ghafla, kwa sababu degedege inaweza kurudi kwa nguvu. Mwambie mhudumu saa uliyomeza na saa uliyoanza kuona viwili. Anaweza kubadilisha dozi au kuigawa.

Kwa mtu mwenye miastenia, kuna dawa za kawaida zinazoweza kuongeza ulegevu wa misuli. Miongoni mwake ni kwinini, na baadhi ya antibayotiki kama siprofloksasini, azithromaisini na jentamisini. Hii haimaanishi ukatae matibabu ya malaria. Malaria inaua. Maana yake ni kwamba, kama kope lako huanguka jioni au umewahi kuona viwili baada ya dawa hizo, lazima useme kabla ya kupewa dawa, ili mhudumu achague inayokufaa na kukuangalia.

Weka maganda na pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na zile za duka la sokoni na miti shamba, kwenye mfuko mmoja. Nenda nao.

Daftari la wiki tatu

Kama huna dalili za hatari, chukua daftari la shule. Kila unapoona viwili andika:

1. Tarehe na saa.
2. Imekaa muda gani: dakika, saa, au siku nzima.
3. Ukifunika jicho moja, inaondoka au inabaki.
4. Vitu viko ubavu kwa ubavu au juu na chini, mbali au karibu.
5. Ulikuwa unafanya nini saa mbili zilizopita.
6. Ulilala saa ngapi usiku uliopita.
7. Ulikula nini na saa ngapi. Ulikunywa maji? Pombe?
8. Dawa gani umemeza, na saa ngapi.
9. Dalili nyingine: kope kushuka, kichwa, kizunguzungu, mikono kulegea, macho kuwasha.

Andika pia siku ambazo hukuona viwili. Hizo ndizo watu huziruka, na bila hizo daftari halisemi kitu. Kama hujui kuandika, mwombe mtoto wa shule akuandikie, au chora alama: jua kwa joto, kitanda kwa usingizi mbaya, kidonge kwa dawa. Mtu wa nyumbani mwenye simu akupige picha ya uso hali inapotokea, na nyingine ukiwa sawa. Picha mbili hizo zinaweza kumwonyesha daktari kope au jicho ambalo siku ya kliniki litakuwa limerudi mahali pake.

Jinsi ya kusoma ulichoandika

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama fundi cherehani anaamini moshi wa jikoni ndio unamharibia macho. Baada ya wiki tatu daftari linaonyesha ameona viwili mara 11. Mara 9 kati ya hizo ilikuwa baada ya saa kumi jioni. Lakini moshi anaupata kila asubuhi anapopika uji, na asubuhi hajaona viwili hata siku moja. Siku mbili alizopumzika mchana, tatizo lilichelewa hadi usiku. Binti yake aliandika kwamba jioni kope la kushoto linashuka.

Moshi hauonekani kuwa kichocheo. Kinachojirudia ni uchovu wa jioni pamoja na kope kushuka. Mama huyu akifika kliniki na maneno hayo, mhudumu ana sababu ya kufikiria ugonjwa wa misuli na kumpa rufaa. Angesema tu "macho yananisumbua", huenda angerudi na dawa ya matone.

Ukihisi umepata kichocheo, kijaribu peke yake. Badilisha jambo moja kwa wiki nzima na mengine yaache kama yalivyo. Kwa mfano, wiki hii pumzisha macho kila baada ya dakika 20 za kushona kwa kutazama mbali. Wiki ijayo acha pombe. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia. Dawa ya daktari usiijaribu kwa namna hii.

Na usikasirike kama daftari halionyeshi kichocheo chochote. Hilo pia ni jibu. Lina maana kwamba chanzo kitafutwe hospitali badala ya kuendelea kujinyima vyakula au kazi bila sababu.

Kuishi salama wakati unatafuta jibu

- Usiendeshe boda, baiskeli wala gari wakati unaona viwili. Kama hali huja ghafla, acha kuendesha hadi upimwe. Ni kipato, tunajua, lakini abiria na watoto wa barabarani wako mikononi mwako.
- Panga, shoka na jembe: simama, kaa chini, subiri ipite.
- Jikoni, mimina maji ya moto na mafuta ukiwa umefunika jicho moja, na watoto wakae mbali.
- Kufunika jicho moja kwa kitambaa safi, au kubandika karatasi kwenye kioo kimoja cha miwani, kunaondoa picha ya pili mara moja. Badilisha jicho la kufunika. Ukitumia jicho moja, unapoteza kipimo cha umbali, kwa hiyo shuka ngazi na mitaro taratibu.
- Siku ya mgao wa chakula au pesa foleni huwa ndefu na jua kali. Kula kabla, beba maji, nenda na mtu. Waambie wasimamizi wa foleni kwamba unaumwa macho na uombe nafasi ya kukaa kivulini.
- Waeleze majirani mapema. Mtu anayeyumba kwa sababu anaona njia mbili huonekana kama mlevi.

Kama ni mtoto

Mtoto mdogo hasemi "naona viwili". Anafumba jicho moja juani, anainamisha kichwa upande mmoja, anakosea kushika kikombe, au jicho lake linaanza kwenda pembeni. Kengeza jipya kwa mtoto lipimwe haraka. Usimfunike jicho bila kuelekezwa na mtaalamu, kwa sababu jicho la mtoto linalofunikwa muda mrefu linaweza kusahau kuona. Mwambie mwalimu asimchape kwa kukosea kusoma ubaoni.

Utaanzia wapi na useme nini

Nchini Uganda, wakimbizi na wenyeji hutibiwa katika vituo vile vile vya serikali, na ada za matibabu kwenye vituo hivyo ziliondolewa mwaka 2001. Anza kituo kilicho karibu nawe. Omba kupimwa presha na sukari siku hiyo hiyo. Kwa macho yenyewe unahitaji mtaalamu wa macho, ambaye hupatikana kwenye vituo vikubwa vya ngazi ya IV na hospitali. Kama inahitajika zaidi, rufaa huenda hospitali za mikoa kama Mbarara, Hoima au Fort Portal. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa, na uliza usafiri wa rufaa unapangwa na nani na siku gani. Ukiwa Kenya au Tanzania, njia ni ile ile: kliniki ya kambi kwanza, kisha rufaa.

Kama lugha ni kikwazo, omba mkalimani. Una haki ya kuelewa unachoambiwa. Unaweza kusema hivi:

"Naona kitu kimoja kama viwili. Kilianza mwezi fulani. Kinakuja mara ngapi kwa wiki, na kinakaa muda gani. Nikifunika jicho moja kinaondoka, au hakiondoki. Kinazidi saa fulani na baada ya jambo fulani. Dawa ninazotumia ni hizi. Hili hapa daftari langu."

Huko wanaweza kukupa miwani ya kawaida, au miwani yenye vioo vya prizimu vinavyorudisha picha mbili pamoja, au mazoezi ya macho, au dawa ya ugonjwa uliosababisha. Wachache huhitaji upasuaji.

Usifanye haya

- Usitie jichoni majani, maziwa ya mama, maji ya sukari wala mkojo. Havinyooshi macho, na vinaweza kuleta kidonda na upofu.
- Usiazime dawa ya matone ya jirani.
- Usinunue miwani sokoni ukidhani itaunganisha picha. Miwani isiyo yako inaweza kuziachanisha zaidi.
- Usiache dawa za kifafa, kisukari, presha au UKIMWI bila kuongea na aliyekuandikia.
- Ukienda kuombewa au kwa mganga wa kienyeji, nenda kituo cha afya pia, na kituo kiwe cha kwanza kama una dalili ya hatari.

Kama umeishi na hali hii miezi mingi bila kumwambia mtu, anza leo kwa kitu kidogo. Ikija tena, funika jicho moja, angalia kinachotokea, na uandike saa.